SHOGI YA PIKIPIKI: MZIGO UAMULIWE MKUTANONI

Mazungumzo haya yalitolewa na mfanyakazi wetu wa huduma za jamii mbele ya wajumbe wa vikundi vya kujisaidia vya Likoni, Kisauni na Changamwe. Tumeyaandika karibu kama yalivyosemwa, ili vikundi ambavyo havikuweza kutuma mjumbe navyo visome pamoja.

  

Mmeniomba nizungumze juu ya kubeba mizigo kwa pikipiki. Nilipopata barua yenu nilifurahi, halafu nikaona haya. Nilifurahi kwa sababu vikundi vyetu vingi sasa vina pikipiki, ama yao wenyewe ama ya kukodi. Niliona haya kwa sababu nimekaa katika mikutano yenu miaka mingi, tumezungumza bei ya pikipiki, bima, petroli na nani aendeshe, lakini sikumbuki hata siku moja tumeuliza: je, mzigo utapimwa vipi, na utafungwa vipi?

Wacha nianze na jambo lililotokea, ndipo mjue kwa nini sikuja hapa kuwachekesha.

Kikundi kimoja cha upande wa kusini wa kivuko kilikuwa kikipeleka muhogo na nazi soko la Kongowea, safari mbili kwa kila siku ya soko. Katika mkutano mmoja mwanachama akasimama akasema, "Petroli inatumaliza. Tufanye safari moja, tujaze vizuri." Watu wakapiga makofi. Mimi nilikuwa nimeketi pale mbele, na mimi nikapiga makofi. Tena nikawasifu kwamba hii ndiyo akili ya biashara. Katibu akaandika katika kitabu cha kumbukumbu: safari mbili zipunguzwe ziwe moja.

Wiki ya pili masika yalikuwa yameanza. Kijana wetu akapakia magunia mawili ya muhogo nyuma, na gunia la nazi juu yake. Alipopanda kimlima cha changarawe kabla ya kufika lami, gurudumu la mbele likawa jepesi, usukani haumsikii tena. Pikipiki ikainuka, ikageuka, ikamwangukia. Alivunjika mfupa wa paja. Alikaa kitandani miezi, na mpaka leo anatembea na fimbo. Ana mke na mtoto mdogo.

Baadaye tulipima magunia kama yale. Muhogo ulikuwa kilo 55 kila gunia, nazi kilo 40. Jumla kilo 150. Kijana mwenyewe ana kilo 65. Jumla yote ni kilo 215. Kitabu cha pikipiki ile kinasema isibebe zaidi ya kilo 150, pamoja na mwendeshaji. Nacho kitabu kilikuwa wapi? Kilikuwa kimefungiwa ndani ya sanduku la mweka hazina pamoja na risiti. Hakuna aliyekisoma. Hata mimi niliyesomea kazi hii na kupewa diploma sikukiuliza.

Watu walisema, "Kijana alikimbia." Wengine wakasema, "Ni bahati mbaya." Jamani, hakukimbia, na haikuwa bahati mbaya. Ule mzigo tuliupakia sisi, pale mkutanoni, tukiwa tumekaa kwenye viti.

Kwa hivyo leo nina mambo mawili. La kwanza ni namna ya kubeba. La pili ni nani anayeamua. Naomba msiondoke baada ya lile la kwanza.

TUJIFUNZE KWA PUNDA

Wazee mlio hapa mnaijua shogi. Kwa vijana nitaeleza. Shogi ni mfuko mkubwa uliosukwa kwa miyaa, unaolazwa juu ya mgongo wa punda, mdomo katikati, na tumbo moja la mfuko linaning'inia kila upande. Kule Lamu, ambako punda ndiye lori, shogi imebeba mchanga, mawe, nazi na kila kitu.

Hebu tuitazame vizuri. Ni laini, haimchubui mnyama kama mbao. Inaning'inia chini ubavuni, haikai juu kama mnara. Upande wa kulia na wa kushoto ni sawa. Na mwenye punda anajua kwamba ukipakua upande mmoja wote kabla ya kugusa wa pili, shogi itageuka na kumwaga kila kitu. Kwa hiyo anapakua huku kidogo na huku kidogo.

Elimu hiyo yote ya bibi na babu zetu ndiyo pikipiki inayohitaji. Lakini sisi tulipopata pikipiki tuliisahau. Tukaweka keria ndefu ya chuma nyuma na kuanza kujenga ghorofa.

PIKIPIKI TULIZO NAZO

Zamani pikipiki katika vijiji vyetu zilikuwa chache. Zilikuwa za afisa wa kilimo, wa afya, au wa parokia. Wengi mnakumbuka zile za shamba kama Yamaha AG100. Zina keria mbele na nyuma, cheni imefunikwa isiingie mchanga, na stendi ya pembeni kulia na kushoto, ili uweze kuisimamisha popote ardhi ilipoinama. Aliyeitengeneza alijua itabebeshwa na itapita njia mbaya.

Boda boda yenyewe ilianza kwa baiskeli kule Busia, mpakani na Uganda, miaka ya 1960. Kisha mwaka 2008 serikali ya Kenya iliondoa kodi ya VAT kwa pikipiki ndogo, na tangu hapo Boxer, TVS na nyinginezo zimejaa kila mahali. Ni pikipiki nzuri, zinavumilia, na spea zinapatikana. Lakini keria kubwa ya nyuma mara nyingi huongezwa na fundi wetu wa kuchomelea. Kila inchi anayoongeza kurudi nyuma ni kama kurefusha mti wa mizani. Gunia likikaa nyuma ya ekseli ya gurudumu la nyuma linainua gurudumu la mbele, na gurudumu la mbele ndilo linaloshika njia.

KWA NINI MFUKO LAINI, SI SANDUKU

Nilipoanza kazi nilikuwa na pikipiki ya ofisi. Nilimwomba fundi anitengenezee masanduku mawili ya bati ya kubebea vitabu na vifaa vya mafunzo. Nilijiona mkubwa. Mwaka 2009, katika njia ya mchanga upande wa Mwakirunge, gurudumu lilizama. Nikafanya anachofanya kila mtu, nikashusha mguu chini nijizuie. Pikipiki ilikuwa bado inakwenda mbele. Sanduku likanipiga nyuma ya mguu, likaulaza chini, na pikipiki ikalala juu. Kifundo cha mguu kilivunjika. Nilikuwa ninakwenda polepole, kama mtu anayetembea haraka. Laiti pale pangekuwa na mfuko wa turubai, ungejikunja na mguu ungepita.

Hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya kupenda mfuko laini, usalama wa mguu. Sababu ya pili ni kwamba mfuko ni mwepesi. Sanduku la chuma na vyuma vyake linakula kilo nyingi kabla hujaweka hata muhogo mmoja. Ya tatu, ukianguka mfuko hupasuka kidogo na kushonwa, lakini sanduku hupinda na kupindisha keria pamoja nalo. Ya nne, mfuko usiojaa hupungua unene, na njia zetu za katikati ya minazi ni nyembamba.

Lakini sitawadanganya. Mfuko laini una kasoro zake. Maji huingia. Mwizi huukata kwa wembe. Ukigusa bomba la moshi huungua. Na mayai au chupa havikai vizuri humo, hivyo vitake trei au kreti, vifungwe juu ya kiti kwa nyuma, chini yake uweke godoro dogo au gunia lililokunjwa.

KUSHONA SHOGI YA PIKIPIKI

Hii ni kazi ambayo kikundi chaweza kufanya wenyewe. Mahitaji ni haya: turubai nzito, hata kipande cha turubai kuukuu la lori, na pale Changamwe malori hayakosekani, uzi wa nailoni uliopakwa nta, shazia, mikanda ya nailoni yenye bakuli za kukazia, au mikanda ya mifuko mikuukuu, na vyuma vyembamba vya pembeni.

Hatua ya kwanza ni vyuma. Mwambie fundi aweke fremu nyembamba kila upande, kati ya mfuko na gurudumu. Kazi yake ni kuzuia mfuko usiingie kwenye spoki, cheni au bomba la moshi, mzigo ubaki kwa mfuko. Upande wa bomba la moshi ongeza kipande cha bati, lakini kisiguse bomba. Acha nafasi ya vidole viwili hewa ipite.

Hatua ya pili ni kupima. Mwendeshaji aketi kwenye kiti kama kawaida, miguu kwenye vikanyagio. Mfuko uanze nyuma tu ya paja lake, na usivuke nyuma ya taa. Chini usifike karibu na ardhi hata pikipiki ikilala kwenye kona. Mkifanya hivyo uzito utakuwa karibu na mwendeshaji, mahali panapofaa.

Hatua ya tatu ni kukata na kushona. Kata kipande kimoja kirefu kinachopita juu ya kiti na kushuka pande zote mbili, kama shogi. Msishone mifuko miwili mbalimbali halafu kuiunganisha kwa uzi, kwa maana mshono ndio unaochoka kwanza. Chini na kwenye kona weka turubai mara mbili. Mikanda ipite chini ya mfuko mzima, isishonwe kwenye mdomo tu. Mfuniko uwe mrefu, ushuke kama kiganja kimoja juu ya mdomo.

Hatua ya nne ni mvua. Msitegemee turubai peke yake. Wekeni mfuko wa nailoni ndani, mdomo ukunjwe mara tatu na kufungwa. Lakini sikilizeni sana hapa: mfuko uliowahi kubeba mbolea au dawa ya wadudu usibebe chakula, hata ukioshwa mara kumi.

Kina mama wanaosuka makanda, hapa kuna biashara. Vijana wa boda wako kila kituo. Shogi moja iliyoshonwa vizuri ikionekana barabarani itajitangaza yenyewe.

KUPANGA MZIGO

Shikeni maneno manne: chini, karibu, sawa, kavu.

Chini: kizito kikae chini ya mfuko, chepesi juu. Mzigo ulio juu humwangusha mtu hata amesimama.

Karibu: kizito kikae mbele ya mfuko, upande wa mwendeshaji. Vya nyuma kabisa viwe vyepesi, kama nguo au mboga za majani. Na msitundike kitu kizito kwenye usukani. Usukani ni wa kushika njia.

Sawa: pimeni kulia na kushoto. Ile mizani ya kuning'iniza tunayopimia mazao inatosha. Tofauti ikizidi kilo mbili au tatu, hamisheni kitu. Mkipakua, pakueni kwa zamu kama shogi ya punda.

Kavu: unga, vitabu, dawa na simu viwe katika mfuko wa ndani.

Neno moja juu ya maji. Jerikeni la lita 20 ni kilo 20, mbali na uzito wa jerikeni lenyewe. Majerikeni mawili, moja kila upande, ni kilo 40 na zaidi. Na jerikeni lijazwe kabisa. Likiwa nusu, maji hukimbia huku na huku, na kila ukikata kona yanakusukuma.

KUFUNGA

Wengi tunafunga kwa mpira wa tyubu peke yake. Mpira ni mzuri kwa kukaza, lakini unavutika. Ukipita shimo mzigo unaruka, mpira unavutika, mzigo unarudi mahali pengine. Fungeni kwanza kwa mkanda au kamba isiyovutika, kisha mpira uje juu kukaza. Kamba ya katani ikilowa hujikaza, ikikauka hulegea. Kwa hiyo aliyefunga asubuhi penye mvua aangalie tena jua likitoka.

Mzigo ushikwe mahali panne, mbele kulia na kushoto, nyuma kulia na kushoto. Ncha za kamba zisiachwe zikipeperuka. Kamba moja ikiingia kwenye cheni au kwenye gurudumu, gurudumu litasimama ghafla, na mtu atakwenda bila pikipiki.

Ukishafunga, shika mzigo utikise. Pikipiki yote ikitikisika pamoja nao, vizuri. Mzigo ukitikisika peke yake, fungua uanze tena. Kisha nenda kama kilomita moja, simama, kaza tena. Mzigo wowote laini hukaa ukijipanga mwanzo wa safari. Kusimama huko ni dakika mbili tu.

Mwisho tazama nyuma: taa, indiketa na namba ya gari vionekane. Lori linalokuja nyuma yako usiku halioni gunia.

NJIANI

Kabla ya kuondoka, upepo wa matairi uongezwe kulingana na mzigo kama kitabu kinavyosema, hasa gurudumu la nyuma. Mjue pia kwamba pikipiki yenye mzigo haisimami upesi. Acha nafasi mara mbili ya ile uliyozoea.

Kwenye feri ya Likoni, maji yakipwa sana wakati wa bamvua, daraja la kupandia linakuwa na mwinuko mkali, tena lina maji na matope ya miguu ya watu. Hapo ndipo gurudumu la mbele huwa jepesi. Kama mzigo ni mzito, shuka uikokote, mwenzako asukume nyuma. Hakuna atakayekucheka, na akicheka ataacha.

Tangu barabara ya Dongo Kundu ikamilike, walio Changamwe na Miritini wanaweza kufika ng'ambo ya kusini bila feri. Ni msaada mkubwa. Lakini daraja la Mteza lina urefu wa zaidi ya kilomita moja juu ya maji, na upepo wa kusi hauna kizuizi pale. Mzigo mrefu uliopanda juu ya kichwa cha mwendeshaji ni tanga, na pikipiki haina nanga. Mzigo wa pembeni, ulio chini, unapita bila shida.

Katika mchanga wa Kisauni au matope ya masika, nenda kwa gia ndogo, macho mbele, usibane breki ya mbele. Na ukiona huwezi, teremsha nusu ya mzigo, vuka, rudi uchukue nusu ya pili. Punda wa Lamu akikataa, mwenyewe humpunguzia. Pikipiki haiwezi kukataa. Yenyewe huanguka tu.

Na abiria juu ya mzigo, hapana. Sheria ya Kenya inaruhusu abiria mmoja tu, naye aketi kwenye kiti, avae helmeti. Mama aliyekaa juu ya gunia huku amempakata mtoto hana pa kushika.

NANI ANAYEAMUA

Sasa nimefika kwenye jambo la pili, lililonileta.

Wazee walisema, mzigo mzito mpe Mnyamwezi. Siku hizi twampa kijana wa boda. Twampa kwa sababu hawezi kukataa. Anaogopa kazi atapewa mwingine. Mwenyekiti ni ami yake, mweka hazina ni mama yake mdogo. Kikundi kizima kimesema "jaza", naye ana umri wa miaka 22. Atasema nini?

Kwa hiyo naomba vikundi vyetu vikubaliane mambo matano, yaandikwe na kupigiwa kura.

1. Kitabu cha pikipiki kitoke sandukuni. Uzito wa mwisho usomwe mkutanoni kwa sauti, kisha uandikwe kwa rangi kwenye tanki au kwenye keria. Tuseme kitabu kinasema kilo 150. Mwendeshaji ana kilo 70. Shogi na vyuma kilo 10. Mzigo uliobaki ni kilo 70, basi. Gunia la mahindi la kilo 90 halipandi, hata likiwa moja.

2. Mizani iwe mahali pa kupakia. Wawili wapime, mmoja aandike kwenye daftari: tarehe, kulia kilo ngapi, kushoto kilo ngapi.

3. Mwendeshaji awe na haki ya kusema "hapana", na asiulizwe mara mbili. Akisema mzigo umezidi, umezidi.

4. Bei ya safari ihesabiwe pamoja na usalama. Kama biashara haiwezi kulipa safari mbili, basi biashara yenyewe ina hasara, na tulikuwa tukiificha hasara hiyo mgongoni mwa kijana. Ni afadhali kuijua mapema. Labda tukodi mkokoteni mpaka barabarani, au vikundi viwili vishirikiane gari dogo siku ya soko.

5. Sehemu ya mapato, hata kidogo, iwekwe kando kwa matairi, breki, mikanda na matibabu. Haba na haba hujaza kibaba.

Nirudi kwa yule kijana. Nilikwenda kumwona alipokuwa bado kitandani. Nilitaka kumpa pole, lakini nikaona pole peke yake ni maneno mepesi. Nikamwambia, "Mwanangu, siku ile ya mkutano mimi nilipiga makofi." Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Nilijua zimezidi, Mama. Niliona nyote mmefurahi."

Sina la kuongeza hapo.

Kikundi chake kilihesabu. Akiba ya petroli waliyoipata kwa zile wiki mbili haikufika hata nauli ya kumpeleka hospitali. Walichanga, wakauza mbuzi, wakakopa. Leo wamerudi kwenye safari mbili. Kijana hawezi tena kuendesha, lakini amejifunza kushona, na shogi hii niliyowaletea hapa mezani, mnayoipitisha mkono kwa mkono, ameishona yeye. Tazameni kona zake alivyoziweka mara mbili. Vuteni mikanda. Mkitaka kuagiza, niambieni baada ya mkutano.

Nikija kwenye kikundi chako mwaka huu, sitauliza kwanza mmeuza magunia mangapi. Nitaomba daftari la mizani. Na mkiniona mimi napiga makofi kabla ya kuuliza kilo, nikumbusheni.



MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Pikipiki ya kikundi chetu inaruhusiwa kubeba kilo ngapi? Nani amesoma kitabu chake?

2. Mara ya mwisho tulipopakia, kulia palikuwa na kilo ngapi, na kushoto ngapi?

3. Je, mwendeshaji wetu amewahi kukataa mzigo? Kama hajawahi, ni kwa sababu mzigo haujazidi, au ni kwa sababu anatuogopa?

4. Kuna uamuzi gani mwingine tulioufanya mkutanoni ili kuokoa pesa, na mzigo wake ukamwangukia mtu mmoja?

5. Nani miongoni mwetu anajua kusuka au kushona? Tuanze shogi ya kwanza lini?